Mama watoto alichanganya jiki na asidi ya choo, mapafu yakajaa maji: yaliyotukuta na jinsi alivyotibiwa

BabaWawili_Kimara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Miaka yote humu jukwaa la afya nimekuwa msomaji tu. Leo naandika kwa sababu mwezi uliopita ningekuwa nimesoma kitu kama hiki, nisingefanya niliyoyafanya. Mama watoto ametoka hospitali Jumanne. Yuko hai, Mungu ashukuriwe. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Nyumba tuliyopanga choo chake ni cha ndani, kidogo, na dirisha ni lile la vioo vya kupangana ambalo lilishaganda kwa kutu, halifunguki. Sakafu ilikuwa na ukoko wa njano uliokataa kutoka kwa jiki. Mama watoto akanunua asidi kwa kijana anayepita na toroli, imetiwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, haina lebo wala maelezo. Akamwaga jiki kwanza, akaiacha ikae, halafu akaimiminia asidi juu yake ili ziongezeane nguvu.

Mimi nilikuwa sebuleni. Nilisikia mlio wa kuchemka, kama vitunguu vinapoingia kwenye mafuta ya moto, kisha kikohozi. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona, anasugua, uso uko karibu kabisa na sakafu. Badala ya kutoka mbio alijifunga kanga puani, akaendelea kumwaga maji ili aishushe ile harufu. Alikaa mle dakika nne au tano hivi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, machozi na kamasi vinamtoka, anakohoa mpaka anatapika. Harufu iliyotoka naye ni ile ya bwawa la kuogelea, ila kali ya kuchoma koo.

Majirani wakaja. Kuna mama mtu mzima hapa mtaani ninayemheshimu kama mama yangu, akaleta maziwa glasi nzima. Akanywa. Baada ya nusu saa kikohozi kikapungua, wote tukasema maziwa yamefanya kazi. Hata hivyo nilimpeleka kituo kimoja cha karibu. Sitakitaja, nia yangu si kumwangushia mtu lawama. Walimsikiliza kifua, wakasema kimetulia, wakampa panadol na antibayotiki, tukarudi nyumbani. Hawakumwekea kile kipimo cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, na wala hawakutuambia turudi tukiona nini.

Mchana alikula ugali kidogo, akacheza na mtoto mdogo. Hapo ndipo tulipopotea, wakuu. Tulijua yameisha.

Saa mbili usiku akasema kifua kinabana. Saa nne akashindwa kulala chali, akaomba mito. Nikamwambia, "Tusubiri kupambazuke." Saa nane usiku nikaamka nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameikita magotini, mabega yanapanda na kushuka, anaongea maneno mawili anapumzika. Kifuani kulikuwa na sauti kama ya mtu anayevuta soda iliyobaki chini ya glasi kwa mrija. Alipokohoa lilitoka povu lenye rangi ya waridi.

Jirani akawasha bajaji. Mapokezi ya dharura nesi hakuuliza jina wala bima, alimwekea kipimo kidoleni kikasoma 79. Mtu mzima wa kawaida husoma 95 kwenda juu. Wakamvalisha barakoa ya oksijeni yenye mfuko, ndipo daktari akaanza kuniuliza: amevuta nini, saa ngapi, chumba kina ukubwa gani, alikaa humo muda gani? Sikuwa na chupa mkononi, nilikuwa naeleza kwa kubahatisha.

Eksirei ilitoka nyeupe pande zote mbili, kama mtu amejaza pamba. Wakampa dawa ya kutanua njia za hewa kwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta), wakamhamishia kwenye barakoa inayobana uso na kusukuma hewa kwa mgandamizo. Ilimsaidia saa chache. Asubuhi alikuwa amechoka, kichwa kinaanguka. Daktari akaniita pembeni akaniambia watamlaza usingizi wa dawa, wampitishie mrija kooni, mashine impumulie. Nilisaini karatasi hata sikuisoma.

ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, alikaa siku nane, sita kati ya hizo akiwa kwenye mashine. Kilichonishtua ni kumkuta amelazwa kifudifudi. Nilidhani kuna kosa. Siku ya tatu niliwaona wakimgeuza: watu sita, mmoja ameshika kichwa na mrija tu, huyo ndiye anayehesabu, na hakuna anayesogea mpaka afike tatu. Wakwe zangu nao walilalamika sana, "Mbona mgonjwa hawekewi dripu za kutosha?" Tulijibiwa kwamba maji mengi yangemzamisha.

Sasa yuko nyumbani. Sauti imekwaruza, akipanda ngazi miguu inalegea, anasimama katikati, na jirani akikaanga pilipili yeye anakohoa dakika kumi. Naomba madaktari mliomo humu mnieleweshe mambo mawili. Kwa nini mchana alikuwa mzima na usiku ikawa vile? Na je, mapafu yake yatarudi?

---

Msafwa_Asilia

Pole sana mkuu, mpe pole shemeji yetu. Nimesoma hapo kwenye "tusubiri kupambazuke" nikaweka simu chini. Usijihukumu, wengi wetu tungesema hivyohivyo.

---

MganguziWaKifua

Mkuu pole, na hongera kwa kumfikisha. Mimi ni daktari, ICU ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nitajibu kwa urefu kwa sababu wagonjwa wa namna hii tunawapokea, na wengi wanafika usiku kama yeye.

Jiki ni sodiamu haipokloraiti kwenye maji. Asidi ya choo mara nyingi ni haidrokloriki. Zikikutana hutoa gesi ya klorini. Gesi hii ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, kwa hiyo haipandi juu, inatanda sakafuni. Mtu aliyechuchumaa anasugua amechuchumaa ndani yake. Ile kanga haikuchuja chochote, gesi inapita kwenye kitambaa kama hakipo.

Sasa swali lako la mchana na usiku. Kuna gesi zinazoyeyuka upesi sana kwenye unyevu, kama amonia. Hizo zinachoma macho na pua papo hapo, mtu anakimbia mwenyewe. Kuna nyingine hazichomi kitu mwanzoni, zinashuka moja kwa moja mpaka chini. Klorini iko katikati. Inachoma, lakini mtu akijikaza anaweza kuvumilia, na kila dakika anayovumilia inazidi kushuka kwenye vifuko vidogo vya hewa. Ikigusa unyevu huko inageuka asidi na kuunguza ule utando mwembamba unaotenganisha hewa na damu. Ukimwagikiwa maji ya moto, lengelenge halitoki sekunde ileile. Mapafu nayo ni hivyohivyo. Utando uliounguzwa unavimba, unaanza kuvuja, na maji ya damu yanaingia kwenye vifuko polepole, saa baada ya saa. Inaweza kuchukua saa chache, inaweza kufika saa 24. Eksirei ya saa za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa, na kifua kikasikika vizuri. Kwa hiyo waliomsikiliza ile asubuhi labda hawakusikia vibaya. Tatizo ni kwamba mtu aliyefungiwa na gesi chumbani na kukohoa mpaka kutapika haruhusiwi kwenda nyumbani kwa kusikilizwa kifua peke yake. Anakaa chini ya uangalizi, kipimo kiko kidoleni, anapimwa tena na tena.

Kuhusu matibabu: klorini haina dawa ya kuiondoa mwilini, haina kiuasumu. Tunachofanya ni kumshikilia mgonjwa apumue wakati mapafu yanajitengeneza. Oksijeni yenye unyevu, salbutamoli, ile dawa ya kutanua njia za hewa, kwa nebulaiza kwa sababu mirija inajibana kama ya mwenye pumu, na kumkalisha badala ya kumlaza chali. Wapo wanaotia bikarbonati iliyopunguzwa kwenye nebulaiza. Wagonjwa wengine hupata nafuu, ushahidi wake ni mdogo, na hilo ni la hospitali, asije mtu akavuta mvuke wa magadi nyumbani. Steroidi, yaani dawa za kupunguza uvimbe, tunajadiliana mgonjwa kwa mgonjwa. Antibayotiki haitibu jeraha la kemikali. Inasubiri dalili za maambukizi, ambayo mara nyingi huja siku kadhaa baadaye, wakati utando umeshachubuka.

Wakwe zako waambie kwamba yale maji hayakutoka kwenye moyo wala figo. Yalivuja kwa sababu utando uliungua. Ukimjaza dripu, nyingi zinaishia palepale kwenye mapafu. Tunampa anayohitaji ili shinikizo la damu lisimame, basi.

Na mashine yenyewe inaweza kuumiza. Zamani tulikuwa tunasukuma hewa nyingi tukidhani tunamsaidia. Mwaka 2000 ukatoka utafiti wa Marekani wa wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojaa maji kwa sababu mbalimbali. Waliopewa pumzi kubwa, mililita 12 kwa kilo, walifariki karibu 40 katika kila 100. Waliopewa pumzi ndogo, mililita 6 kwa kilo, walifariki 31. Na kilo hizo hazitoki kwenye mzani, zinakokotolewa kwa urefu, maana mtu akinenepa mapafu hayakui. Ndiyo sababu mkeo alipimwa kwa futi kitandani, kama uliona.

Kumlaza kifudifudi hakukuwa kosa, kulimwokoa. Ukilala chali, moyo na tumbo vinakandamiza sehemu ya nyuma ya mapafu, nayo ndiyo kubwa na yenye damu nyingi. Ukigeuzwa inafunguka. Utafiti mkubwa uliofanyika Ufaransa ukatoka 2013 ulionyesha kwamba wagonjwa mahututi waliolazwa kifudifudi angalau saa 16 kwa mkupuo walifariki 16 kati ya 100 ndani ya siku 28. Walioachwa chali walifariki karibu 33. Haihitaji mashine mpya, inahitaji watu sita na mmoja anayejua kuhesabu.

Swali la pili nitalijibu kesho, naingia zamu.

---

Nshomile_Mtulivu

Daktari heshima yako. Ila mimi kwenye maziwa sikubali yapuuzwe. Nimefanya kazi kiwanda cha rangi miaka kumi na moja, kila siku tulipewa pakiti ya maziwa, na tuko wazima. Hata huyu dada alipokunywa maziwa si alipata nafuu?

---

Nesi_Mama_Zuu

Kaka yangu Nshomile, nakujibu kwa heshima, daktari yuko zamu. Maziwa yanapita njia ya chakula yanaenda tumboni. Gesi ilipita njia ya hewa ikaenda kwenye mapafu. Hizo njia mbili zinaachana hapo kooni. Maziwa yakifika kwenye mapafu ujue mgonjwa amepaliwa, na hilo ni balaa lingine. Mtu anayekohoa na kutapika namna ile, kumnywesha chochote ni kumweka hatarini. Nafuu aliyoipata ni ya kutoka kwenye gesi na kuvuta hewa safi. Huko kiwandani nafikiri kilichowasaidia ni barakoa na feni. Yale maziwa yanafanya mwajiri aonekane amewajali.

Jambo jingine ambalo watu wengi wananiuliza kwa siri: kujifukiza. Hapana jamani. Njia ya hewa iliyochomwa na kemikali usiipelekee mvuke wa moto na mwarobaini. Nimepokea mama mmoja aliyefunikwa blanketi juu ya sufuria baada ya kuvuta gesi hiihii, akafika akiwa ameungua usoni pia.

Kinachofaa: toka nje, panda sehemu ya juu yenye upepo, usilale chini. Vua nguo ulizokuwa nazo, maana zimebeba kemikali. Suuza macho kwa maji mengi yanayotiririka, dakika kumi na tano. Kisha twende hospitali, hata kama kikohozi kimetulia. Chupa usiibebe ikiwa imemwagika, ipige picha. Mnaobaki nyumbani msirudi chooni kumwaga maji kishujaa, fungueni milango mkae nje mpaka hewa ibadilike.

---

Mvuvi_wa_Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Nimesimamia mabwawa ya kuogelea hotelini muda mrefu, nataka niongeze la kwetu. Dawa ya bwawa huwa aina mbili, ile ya chengachenga za klorini na ile asidi ya kurekebisha maji. Sheria ya kwanza niliyofundishwa ni kuwa ndoo ya hii haiingii ile, hata ikisuuzwa, na kijiko hali kadhalika. Kijana wetu mmoja alichota kwa kijiko kilichokuwa na majimaji ya asidi. Kilichomwokoa ni kuwa stoo yetu haina ukuta upande mmoja. Alikohoa, tukamkimbiza, akalazwa usiku kucha hospitalini wakimwangalia, asubuhi akatoka. Usiku ule mmoja ndio huyu dada aliukosa.

---

Kijana_wa_Makete

Swali kwa nesi au daktari. Je, mafuta ya taa ni hivihivi? Mtoto wa dada yangu wa miaka miwili alikunywa, kwa bahati alipona, lakini bibi alimtapisha kwa kidole.

---

Nesi_Mama_Zuu

Mdogo wangu, mafuta ya taa yakikaa tumboni shida si kubwa sana, shida kubwa ni yakiingia kwenye mapafu. Ni mepesi, yanateleza, na tone kidogo likipenya njia ya hewa linatanda sehemu kubwa na kuharibu ule ute unaofanya vifuko vya hewa visigande. Ukimtapisha unayapitisha kooni mara ya pili, yanapata nafasi nyingine ya kuingia. Kwa hiyo usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula. Mpeleke akaangaliwe angalau saa sita. Akianza kukohoa, kupumua haraka au kutanua pua akivuta hewa, anahitaji oksijeni. Hata tumbo hatulisafishi kwa mpira siku hizi kwa sababu hiyohiyo. Na mafuta ya taa hayakai kwenye chupa ya soda, nakuomba umfikishie bibi kwa upole.

---

MganguziWaKifua

Nimetoka zamu. Mvuvi amesema jambo kubwa sana. Mnaikumbuka ile klipu ya Juni 2022, bandari ya Aqaba huko Yordani, tangi la klorini likakatika kwenye winchi na wingu la njano likatanda melini? Walifariki watu 13 na zaidi ya 250 wakaumia. Gesi ni ileile iliyokuwa chooni Kimara, kiasi tu ndicho tofauti. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani waliifungulia Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikashuka kwenye mahandaki kwa sababu ya huo uzito wake.

Sasa mkuu, mapafu ya mama watoto. Wengi wanaovuka wiki za mwanzo wanarudi vizuri, ila kwa miezi, si kwa siku. Kile kikohozi cha pilipili kina jina kwenye vitabu tangu 1985: ni pumu inayozaliwa na tukio moja la kuvuta kemikali kali, kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na pumu. Mirija imechubuka, na neva zake zimekuwa nyepesi kushtuka. Moshi, manukato, vumbi, hata hewa ya baridi ya alfajiri vitamsumbua. Inatibiwa kama pumu: inhela ya steroidi kila siku, hata akijisikia vizuri, na ile ya salbutamoli akibanwa. Atumie chemba ya plastiki katikati ya inhela na mdomo, bila hiyo dawa nyingi inaishia ulimini. Kliniki wampime kwa kile kipimo cha kupuliza kinachoonyesha mapafu yanavyofanya kazi, wakirudie baada ya miezi mitatu. Ikibaki zaidi ya hapo, ataendelea na dawa.

Udhaifu wa miguu ni wa ICU, si wa klorini. Misuli inayeyuka haraka sana mtu akilazwa usingizi. Atembee kidogo kila siku, aongeze. Na umuulize kuhusu ndoto zake. Wengi waliokuwa kwenye mashine wanaota wanazama na hawamwambii mtu.

---

BabaWawili_Kimara (mwanzisha uzi)

Daktari, nesi, Mvuvi, Mungu awabariki. Nimemsomea uzi wote. Ulipofika kwenye ndoto alinyamaza, akaanza kulia. Anaota kila usiku kwamba yuko chini ya maji na sisi tunaongea juu yake. Sikuwa najua, na nalala naye kitanda kimoja.

Futi niliiona kweli, nilidhani wanampimia kitu kingine, moyo ukanipasuka.

Inhela alipewa mbili ila chemba hatukupewa. Nimepita maduka matatu ya dawa leo, la nne ndilo lililokuwa nayo. Yule mama wa maziwa nilikaa naye jana barazani nikamweleza taratibu. Hakukasirika. Aliniambia hata yeye alifundishwa na mama yake, kisha akaenda kwake akatoa chupa mbili zilizokuwa pamoja chini ya sinki, moja akaihamishia stoo ya nje.

Leo asubuhi mama watoto ametembea mpaka genge na kurudi, amesimama mara moja tu. Fundi amekuja kung'oa vioo vya dirisha la choo, vyote, pamebaki wavu wa mbu.

---

Msafwa_Asilia

Mkuu, akianza kupimwa kwa kile kipimo cha kupuliza turudishie namba hapa. Tunafuatilia.